Duara Langu kwenye Mchoro wa Mama

Chumba namba 6,
Kambi ya Wajenzi,
Nyuma ya ghala la saruji.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Mwaka wa tano sasa tangu ninyanyue begi langu pale mlangoni kwenu.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie goti lako linaendeleaje, lile la kulia. Je, unapata usingizi? Na kuku wako, bado wanataga ndani ya kabati la vyombo? Mimi ni mzima wa kula na kulala. Mgongo ndio unanisimanga kila asubuhi, lakini mgongo wa mbeba zege haujawahi kumsifu mtu.

Najua utashangaa kuona kalamu wakati dunia nzima iko kwenye simu. Barua hii nimempa seremala wa kambi yetu, anayesafiri kuja huko Jumatatu, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Karatasi huisoma uliyemwandikia. Simu za ukoo wetu siku hizi zinasomwa na watu wengi, na sijui nani anatazama nini.

Ngoja nikueleze, maana simu yako ya vibonye haijakuonyesha haya. Mama, wifi yako, alipoanguka bafuni mwezi wa tano, kila mtu alipiga simu na neno lake, huyu dawa, yule daktari, ikawa vurugu. Binti wa kaka, yule aliye chuoni, akatuwekea programu ya kuchora mawazo. Ni kama karatasi isiyo na mwisho ndani ya simu. Katikati pana duara limeandikwa MAMA. Hapo yametoka matawi, kila moja na rangi yake: Dawa, Chakula, Mazoezi ya mguu, Nyumba, na Nani akae na Mama. Matawi nayo yamezaa vijitawi. Sote tunautazama mchoro mmoja, na mtu akiongeza neno huko, mimi huku naliona papo hapo.

Sikatai, mwanzoni niliupenda. Mtu aliyeishia darasa la sita kama mimi, ukimpa maelezo marefu anachoka njiani, lakini mchoro nauelewa. Chini ya tawi la Nani akae na Mama niliandika duara langu mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja: Nitarudi nikae naye, nyumbani kwake. Binti wa kaka akalipaka kijani na kunipigia simu akicheka, "Baba mdogo, umetuweza!"

Sasa sikiliza jambo la hapa kazini. Msimamizi wetu naye ana mchoro wa namna hiyo kwenye kioo kikubwa ofisini kwake. Wafunga nondo wana tawi lao, sisi wamwaga zege tuna letu, na kila mtu ana duara. Juzijuzi tulipita kuchukua kofia, tukaona duara la yule tunayemwita Winchi halipo. Tukamtania, "Winchi, wamekufuta!" Akajibu, "Wamefuta jina, mabega ninayo." Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudisha kofia na buti na kuonyeshwa geti. Nikajifunza kwamba mtu hutolewa kwanza kwenye mchoro, mlangoni hutolewa baadaye.

Kwa hiyo Shangazi, fikiria nilivyojisikia siku niliyofungua mchoro wa Mama na kukuta duara langu limeng'oka. Halikufutwa. Lilikuwa pembeni kabisa, halina mstari, halina rangi, kama kiatu kimoja kilichosahaulika barazani. Na kwenye tawi lile likabaki duara moja tu: Ahamie kwa kaka, ghorofa ya tatu. Limewekwa alama ya kukubaliwa. Nikatazama tawi la Nyumba. Kumeandikwa: Ipangishwe kuanzia mwezi wa tisa.

Nikaanza kuwachunguza wote. Mtu akiufungua mchoro ule, huonekana kama kimshale chenye jina lake. Nilikuwa nakaa juu ya mfuko wa saruji wakati wa mapumziko, navizia vimshale kama paka kwenye tundu. Cha kaka huingia na kutoka upesi, kama mtu anayekwepa salamu. Cha shemeji, mke wake, hukawia kwenye Nyumba kuliko kwenye Dawa. Hapo hapo, nikajisemea. Hata wewe Shangazi, nisamehe, nilikushuku asubuhi moja, mpaka nikakumbuka huna hata simu ya kufungulia.

Nikampigia kaka.

"Kwa nini mmenitoa kwa Mama?"

"Nani kakutoa?"

"Duara langu liko pembeni."

"Aa, lile. Sisi tulidhani umejitoa mwenyewe. Mtu ukiwa mbali, mambo hubadilika."

"Ukashindwa kuniuliza?"

"Bwana mdogo, nina wateja hapa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Mama hawezi kukaa peke yake. Unataka tumfanyeje?"

Akakata. Nikabaki nalo lile neno, tulidhani. Mtu akitaka jambo lako life, hana haja ya kuliua. Anadhani tu.

Jana Ijumaa mvua ilitusimamisha kazi, nikamsimulia mwenzangu wa chumba, fundi rangi, ambaye simu anazijua. Akaniambia, "Hebu upekue huo mchoro, nione." Nikaweka dole gumba ili niusogeze. Unajua vidole vya zege, Shangazi, ngozi imekuwa gome, na kioo cha simu yangu kina nyufa. Duara la Dawa likanasa kwenye dole, likang'oka tawini, likaenda kukaa pembeni peke yake.

Fundi rangi akacheka mpaka akakaa kitandani. "We bwana! Mwizi unamtafuta wa nini? Mwizi huyu hapa, ana kucha nyeusi!"

Niliona aibu, nisikufiche. Nikawaza jinsi nilivyomsema shemeji moyoni, na kaka, na ukoo mzima, kumbe ni dole langu. Nilikuwa tayari kuwapigia simu niwaombe radhi.

Tukiwa bado tunacheka, kimshale cha binti wa kaka kikaingia. Kikalishika duara la Dawa, kikalirudisha mahali pake, na chini yake yakatokea maneno: Nani kagusa Dawa? Tuwe makini jamani. Maji ya chai niliyoyainjika hayakuwa hata yamechemka.

Fundi rangi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaniuliza, "Na lako lilikaa pembeni muda gani?"

"Tangu mwezi uliopita."

Akaenda kuitazama chai.

Unaona nilipofika, Shangazi? Mkono ulikuwa wangu, nakiri. Lakini macho yalikuwa ya nani? Dawa iking'oka inarudishwa palepale. Mimi nimeng'oka, wakanipita mwezi mzima, wakaweka na alama ya kukubaliwa jirani yangu. Huenda binti aliogopa kuwaingilia wakubwa, simhukumu. Huenda kaka alidhani kweli. Lakini kudhani kwao kumeangukia palepale wanapopataka.

Fundi rangi alinirudishia duara langu tawini. Leo asubuhi nimekuta mtu ameweka alama ya kuuliza mbele ya maneno yangu. Hakujiandika jina. Basi nikaelewa kwamba kwenye mchoro ule sitashinda hata wakininunulia dole jipya. Duara haliwezi kusimama mlangoni kuwazuia watu wanaobeba kitanda.

Kuna jambo linaniumiza kuliko yote. Mama yuko katikati, mistari yote inamwendea yeye, na ni yeye peke yake asiyeshika hiyo simu. Hakuna tawi lililoandikwa Mama anasemaje. Nilipomuuliza kwa simu, shemeji alikuwa karibu yake, na Mama akanijibu tu, "Sina neno mwanangu." Wewe unamjua wifi yako. Akisema hana neno, ana mengi.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Nenda kwake, wewe mwenyewe, mkiwa wawili, funga mlango. Muulize anataka kulala wapi. Mguu ule na ngazi za ghorofa ya tatu, akipanda siku hiyo hatashuka tena mpaka abebwe. Akikwambia anataka kwenda kwa kaka kwa hiari yake, nitanyamaza na nitambebea mzigo mimi. La pili, akisema hataki, basi hamia pale na kuku wako wote, na asitoke mtu na kitanda chake. Wewe ni dada wa marehemu Baba, mwenye nyumba, hakuna wa kukuambia toka. Kaka akija na simu yake kukuonyesha mchoro, mwambie huna miwani.

Nimeshamwambia msimamizi kwamba zege la paa likimwagwa, yeye na mimi basi. Akaniambia nikiondoka nisitegemee kupokewa tena. Nimemwitikia vizuri tu, alifute duara langu akipenda.

Msalimie dada yangu mdogo, mwambie zile picha za vicheko anazotuma kila siku sizielewi, apige simu. Msalimie jirani mshonaji na babu wa redio. Kaka na shemeji wasalimie pia, kwa upole, usiwaoneshe kwamba umesoma haya. Mama mshike mkono tu, atajua. Mungu akulinde goti, akuongezee na makali ya ulimi, utayahitaji wiki hizi.

Zege tunalimwaga Jumatano tarehe ishirini, na kesho yake naanza safari. Kwenye mchoro sitaandika, na kwenye simu sitasema.

Ni mimi mwanao, mtoto wa kaka yako, nikupendaye ukiniona na usiponiona.

Nitaingia kwa Mama Jumapili, tarehe 24 Agosti, kabla ya jua kuzama. Mlango wa uani usiufunge.