Baada ya Kijani Hakuna Rangi

Alhamisi, jioni. Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Vumbi la mawe meusi ya volkano limefika hadi ndani ya chai. Mimi pia nilikuwa na neno lililotishia tangu Jumatatu, na hadi jioni hii halikuwa limetoka.

Jumatatu nilimpeleka binti yangu Neema kwa muganga wa kituo cha afya, kwa kikohozi. Muganga alisahau kikohozi. Alimpima uzito, akamtoboa kidole, akaniita pembeni: sukari inapanda, kilo zimezidi umri wake, chakula kibadilike sasa, la sivyo huyu ataanza dawa za wazee kabla hajamaliza shule ya msingi. Nilishukuru kwa adabu. Nyumbani nikasema amepewa dawa ya kikohozi.

Ndiyo, ni woga. Usinitazame hivyo.

Leo kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mimi ni wa komite. Nadhani walinichagua kwa sababu ya kitambi. Hapa Goma tumbo ni diploma, mutu aliyeshiba anaonekana ana akili. Wakubwa wa mji wametuma tangazo: marufuku kuuza mandazi na jusi za rangi mbele ya mlango wa shule, watoto wananenepa vibaya. Nani alipewa kulisoma? Kitambi.

Mama Bahati, anayekaanga mandazi pale mlangoni, hakungoja nimalize.

"Papa Neema, mbele ya kutufukuza, panguza kwanza mafuta yangu kwenye ndevu!"

Walicheka wote, hata mwalimu mkuu. Kisha sauti ya Mama Bahati ikabadilika na kicheko kikakatika.

"Wakati tulilala njaa kambini kule Kanyaruchinya, hao wakubwa hawakuona mudomo wa mutoto. Leo ndiyo wanauona?"

Muzee mmoja akamrukia kwa maneno kutoka nyuma: "Na wewe mama, unauzia katoto jusi yenye kupaka ulimi bluu! Hauna haya?"

"Muzee, makuta ya kununua jusi anapewa na nani? Si nyinyi wazazi?"

Kila mmoja alisema kweli, ndiyo maana tulipiga kelele sana. Mwishowe tangazo likapita. Niliinua mkono pamoja na wengine. Ni rahisi kuinua mkono juu ya sufuria ya mtu mwingine.

Yangu iko nyumbani.

Mke wangu anapakua bugali kama mtu anayejenga ukuta. Simlaumu. Sisi pia vita vilitukimbiza hadi kambini, Neema akiwa bado mdogo, na kule walimpima mkono kwa ile kamba yenye rangi: nyekundu, njano, kijani. Wake ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya njaa kali. Mke wangu aliomba kijani jinsi wengine wanavyoomba nyumba. Siku mkono ulipofika kijani aliiomba na kamba yenyewe, akaiweka ndani ya Biblia. Tangu hapo mtoto kusema "nimeshiba" ni kama kumtukana mama yake. Majirani wanatupongeza: "Neema amenona, muko bien!" Nami nacheka, nasema aksanti.

Leo mezani Neema alisukuma sahani. Mama yake akairudisha, akaongeza mwiko mwingine.

"Mama Neema, acha," nikasema. Na neno la Jumatatu likatoka lote, bila mpangilio.

Mke wangu aligonga mwiko kwenye sufuria.

"Muganga gani? Yule mwembamba? Mutu hajashiba yeye mwenyewe!" Halafu, polepole: "Unataka kumurudisha kule kwenye nyekundu?"

Akaenda kuchukua Biblia. Alitaka kunionyesha kijani. Akaizungusha ile kamba kwenye mkono wa mtoto, akavuta, akavuta tena. Ncha hazikukutana.

Baada ya kijani hakuna rangi. Walioitengeneza hawakufikiri kwamba kuna mtu atatoka kule na kufika huku.

Neema alikuwa anatutazama, mmoja mmoja, kama aliyevunja kitu. Mama yake akamshika shingo, akambusu kichwani. Kisha akarudisha ule mwiko wa bugali ndani ya sufuria. Akanigeukia, akapunguza na yangu. Serikali hii ya nyumbani haikutuma tangazo, na sikuinua mkono.

Kesho mlango wa shule utakuwa mweupe, bila mandazi, Mama Bahati atakuwa amehamia kona nyingine, na Neema anajua kona zote. Hilo nitapambana nalo. Ninachoogopa ni siku ile majirani watakapouliza: "Neema amekonda, kuna nini kwenu?"

Nitaweza kucheka, niseme aksanti?