Wavu Haujashuka

Nyumbani, Iowa
Jumanne, baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba

Dada yangu mpendwa Signe,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Natumaini mvua za Oregon zinakuhurumia, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kimekuachia. Sisi sote ni wazima. Mama anatia matango kwenye chupa mpaka nyumba nzima inanuka siki. Bibi goti linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Baba ni yuleyule: mezani anasema maneno matatu, na mawili yanahusu gari.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi hunyamaza, unanijua, na wewe hubaki unaongea peke yako.

Jumapili tulikwenda kwenye mbio za magari, za mwisho za msimu, pale kwenye maonyesho ya wilaya. Bibi alinituma asubuhi nikatandike blanketi letu jukwaani, palepale kona ya nne. Hataki kwingine, maana kutoka pale anaona madirisha ya magari yote. Tangu siku ile ulipopinduka na gari letu, na yeye akakaa bila kupumua mpaka ulipoushusha wavu wa dirishani unaomkinga dereva, haangalii tena nani anaongoza. Anaangalia nyavu. Wavu ukishuka baada ya ajali, dereva ni mzima. Usiposhuka, watu wakimbie.

Tuliporudi mchana tukakuta bwana mmoja mgeni amelisogeza blanketi ili mtoto wake apate pa kukaa. Bibi hakupaza sauti. Alimweleza kwamba wa kwanza kulitandika pale alikuwa mume wake, na kwamba mume wake tumemzika Aprili, kwa hiyo kama anataka ruhusa ya kulisogeza aende akamwombe yeye. Yule bwana akahama na mtoto wake na soda zao.

Ndiyo, ilikuwa mara yetu ya kwanza bila Babu. Lyle, yule mtangazaji, alitaka Babu aenziwe wakati wa mapumziko: Baba alizungushe gari letu, namba kumi na nne, mzunguko mmoja wa polepole, kisha familia isimame mbele ya jukwaa. Daktari amemkataza Baba mbio tangu avunjike shingo, lakini mwendo wa ng'ombe haujakatazwa. Mama alibaki juu na Bibi kwa ajili ya goti. Mimi niliambiwa nikashike picha ya Babu. Picha tu, Signe.

Baba alipomaliza mzunguko akatoka kupitia dirishani, kama madereva wote, akapewa kipaza sauti, na yeye anayebania maneno akaongea mbele ya uwanja mzima. Alisema namba kumi na nne haitalala bandani mwakani. Alisema Signe ana maisha yake, na sasa ni zamu ya Maren kuendesha. Hakuwa ameniuliza, hata kwa kunitupia jicho. Watu wakainuka kushangilia. Bibi naye nilimwona kule juu, amesimama na goti lake, anapunga kitambaa.

Lyle akanisogezea kipaza sauti mpaka kikanigusa meno. "Haya binti, toa neno. Tangu uzaliwe hatujaisikia sauti yako, wengine tunabishana kama unayo."

Uwanja ukacheka. Nilikuwa nimeikumbatia picha ya Babu na sikuwa na pa kujificha ila nyuma yake.

Wewe ulimaliza shule kabla hawajaanza kutufundisha nusu ya masomo kwa Kihispania, kwa hiyo labda hutanielewa. Kwa Kiingereza mimi ni yule unayemjua, maneno yanakwama kooni. Kwa Kihispania yanatoka. Pengine ni kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kunigombeza kwa lugha hiyo. Basi nikasema, "No quiero, Papá. No quiero." Maana yake sitaki, Baba, sitaki. Nililisema kwa sauti ya chini na kichwa nimekiinamisha, likasikika kama shukrani. Lyle akatangaza kwamba mmeona, binti wa Tollefson anawakaribisha hata majirani zetu wa Mexico, na makofi yakalia. Mzee Refugio, mwenye gari namba hamsini na tano, ndiye peke yake ambaye hakupiga. Alivua kofia, akaniangalia, kisha akamwangalia Baba.

Nilitaka kumkimbilia Mama, lakini magari ya fainali yalikuwa yameshaanza kuingia, na ukishakuwa katikati ya uwanja huvuki tena mpaka bendera ya mwisho. Mizunguko thelathini. Nilisimama kando ya Baba, magari yanatuzunguka, madonge ya udongo yanatuangukia mabegani, na kila vumbi likitawanyika kidogo namwona Mama ng'ambo, amekaa kwenye blanketi anakula hindi la kuchoma. Ningepiga kelele kwa lugha yoyote, asingenisikia. Baba akavua vile vya kuziba masikio, akanivalisha mimi.

Jana aliniita uani kupima kiti. Nikaingia kupitia dirishani, akanikaza mikanda mpaka mbavu zikalalamika, akanivalisha helmeti, akafunga wavu. Sikioni akanitia ile redio ya dereva, ya kusikia tu, isiyo na pa kujibia. Kisha akatembea hadi ukingoni mwa shamba la mahindi na redio yake ya kusemea, akanipa mgongo. Bibi alikuwa kibarazani anamenya mahindi.

Sauti ya Baba ikaja. "Maren. Nimefanya kazi na Refugio miaka mingi kiwandani, tunakata nyama meza moja. Unadhani maneno ya kwanza niliyojifunza kwake ni yapi?"

Redio ikakwaruza.

"Nilikusikia, mwanangu. Nikajifanya sikusikia, kwa sababu Bibi yako alikuwa amesimama. Tangu mazishi hajasimama hivyo." Akavuta pumzi. "Sijui niseme nini zaidi. Ukitaka kutoka, shusha wavu."

Sasa, dada, hili sijamwambia mtu. Nilikuwa mzima kabisa. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo la wavu, na komeo lenyewe ni jepesi, mtoto angeliweza. Sikulivuta. Nilijua nani anaangalia nyavu. Nilikaa nimefungwa, jasho linaniingia machoni, nikangoja.

Nikasikia beseni la mahindi linaanguka, na Bibi akimwita Baba kwa jina lake.

"Arlen! Wavu haujashuka. Unangoja nini?"

Baba alikimbia na shingo yake ile. Bibi alifika naye sambamba, bila fimbo, akang'ang'ania wavu kwa vidole, akaniuliza nimeumia wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza, Signe, kwa lugha yake: "Sijaumia, Bibi. Sitaki kuendesha."

Aliniangalia kupitia matundu ya wavu. Kisha akamwambia Baba, "Mfungue mtoto mikanda," akarudi kuokota mahindi yake.

Tangu hapo hakuna aliyelitaja. Kopo la rangi ya kuandikia jina langu juu ya gari halijafunguliwa, wala halijaondolewa. Jana mezani Baba alisema maneno matatu, yote yalikuwa kuhusu chumvi. Leo asubuhi Bibi amenipa blanketi la kona ya nne nilifue, akasema nilishonee kipande cha kuliongeza upana, mwakani tutakaa naye pale wawili. Sijui kama amenisamehe au ameshanipangia kiti changu cha maisha.

Ukija Novemba usinitetee mbele yao. Niulize tu jambo lolote mezani, halafu uningoje nijibu.

Msalimie sana mwenzako, na paka wenu. Mama anakuwekea chupa sita za matango.

Mimi mdogo wako anayekupenda,
Maren