Usimpe Namba Mzee wa Bustanini

Shoga, Jumapili usiwapeleke wanao kwenye ile bustani ya kumbukumbu ya waliopotezwa. Nisikilize kwanza.

Nimerudi sasa hivi na binti yangu. Tulisimama kwenye jiwe lenye jina la kaka yangu, tunataka picha, simu zetu zote zimeisha chaji. Mzee anayemwagilia maua akasema, "Nitawapiga picha kwa simu yangu, halafu nitawatumia."

Binti akafurahi, akampa namba. Akamwambia na mtaa tunaokaa. Unamjua, mdomo hauna breki.

Mzee akainua simu. "Simameni vizuri. Ni dakika moja tu, mama."

Shoga, niliitambua. Ile sauti. Ni yeye aliyekuja kumchukua kaka, mimi nimesimama mlangoni na binti huyu mgongoni. "Ni dakika moja tu, mama." Vilevile, kwa upole uleule. Mpaka leo kaka hana hata kaburi, ana jiwe tu.

Nikamvuta binti tukaondoka. Njiani ananiambia, "Mama, sauti hufanana, usimsingizie mzee wa watu." Nikajisemea labda ni uzee.

Mume wako naye jina lake liko pale. Wanao wakiulizwa ni wa nani, watajibu. Wakataze.

Sasa binti amewasha simu. Picha imeshafika. Chini yake mzee ameandika, "Mama yako hajabadilika."