Foni ya Babu Yako

Amahoro, Zawadi, mujukuu wangu. Ni mimi bibi yako wa Rumonge. Sisi tuko. Mawese mwaka huu ni mazuri, na shangazi yako amejifungua kule Minago, mutoto wa kike.

Unaniuliza kama uiache ile kazi yako ya kuwapa watu intaneti waseme na ndugu zao, maana serikali ya huko uliko haijakupa ruhusa.

Wakati wa vita babu yako alikuwa na foni, redio ambayo majirani walikuja kwetu kusemea na ndugu zao waliokimbilia kambi za Tanzania. Ukimaliza kusema unatamka “ova”, halafu unangoja sauti yao. Serikali ikaogopa wapiganaji, ikakataza foni zote. Babu akaipeleka mwenyewe komini, kwenye ofisi ya serikali.

Kesho yake jirani yetu Mama Salima akaja na kitenge chake kizuri, aseme na mwanawe wa kambini. Nikamwambia imekatazwa. Akakaa tu kwenye benchi ya kungojea foni, akanieleza mimi habari zote za nyumbani, hadi mbuzi aliyezaa. Kisha akasema, “Ova,” akanitazama.

Nikajibu, “Nimekusikia, mama.”

Wakaja na wengine, mpaka foni iliporudishwa.

Mambo ya intaneti siyajui. Kaombe ruhusa tena, ila mlango usiufunge, watu waje tu wakueleze habari zao.

Babu hayuko tena, benchi iko. Jioni ninakaa pale, ninakueleza habari zote. Ova.