Gome la Miti Mitatu

Dada yangu mpenzi,

Huku tunaendelea, ila goti la mama linamsumbua na paa la jikoni linavuja tena.

Nisikufiche. Jumanne, nikiwa doria msituni, nilimkuta baba kwenye ile miti ya dawa. Nilipoanza uaskari ilikuwa arobaini. Wachuna magome wamebakiza mitatu. Mmoja wa hiyo, baba alikuwa ameshauchuna shina zima, na mti uliochunwa hivyo hauponi.

“Baba, si wewe uliyetufundisha kuchuna upande mmoja tu?”

“Wanunuzi hawataki robo gunia,” alisema bila kunitazama. “Kwa hiyo utamfunga baba yako kwa ajili ya gome?”

Niliandika jina lake kwenye ripoti, dada.

Kesi ni Alhamisi; kwa sasa baba yuko nje kwa dhamana. Mama hasemi nami. Chakula changu anakiacha mlangoni. Njoo ukae naye, hata kama na wewe utaninunia.

Jana nilipeleka udongo nikaufunike ule mti jeraha. Nilikuta umeshapakwa, na alama za viganja vya baba nazijua. Nililia palepale. Ripoti sijaibadilisha.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Kitindamimba