Wale Vijana wa Gereji na Ng'ombe Wetu Gaju

Papa Riziki,

Sitaandika "mpendwa", maana hata ulipokuwa hai sikukuita hivyo, na ukilisikia leo utafikiri kuna kitu ninataka. Ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe. Masista walinifundisha kabla baba hajanitoa shuleni nikalee wadogo zangu, na ile kidogo waliyonipa sijaipoteza. Mwenye kucheka maandiko yangu aje aonyeshe yake.

Tangu tulipokuzika hapa Mushaki, Gaju amekataa kukamuliwa. Unajua kiburi chake, wewe mwenyewe njo ulimuharibu. Ndama akimukaribia, maziwa yanashuka. Riziki akija na kopo, mguu unapanda. Alimupiga mutoto wako teke la paja, akatembea kama muzee, na watoto wakamufuata nyuma wakimuigiza. Nikaenda mimi. Nilimupapasa, nikamuita jina lake, nikamutukana pia. Bure. Alisimama tu akiangalia njia ya chini, ile ulikuwa unatokea asubuhi.

Riziki akaniambia, "Mama, ng'ombe asiyetoa maziwa iko nyama inayotembea. Nimesema na mubushe, yule muuza nyama wa Sake. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumuchukua."

"Mubushe wa nani? Mimi nimekufa?"

"Hapana mama, lakini watoto wanakunywa chai ya maji."

Hakukosea, na hiyo njo iliniuma. Gaju ni wa mwisho katika wale wote tuliokuwa nao. Wengine walichukuliwa na wenye bunduki, na unajua nani alibaki amesimama barabarani na fimbo isiyokuwa na ng'ombe wa kuchunga. Akienda na huyu, zizi lako litakuwa shamba la viazi.

Njo hapo nikakumbuka makelele yako.

Unakumbuka ule mutoto wa muzungu mwenye shamba, kule ulikoanza kukamua ungali kijana? Alirudi kutoka Ulaya na fono ya pile, zile betri za tochi, na sanduku ya diski, akawa anazipiga karibu na zizi kwa sababu baba yake alikataza nyumbani. Walipoondoka, vitu vyote vikabaki kwako. Nilifikiri nimeolewa na muntu mumoja, kumbe nimeolewa na muntu, fono na sanduku. Wanaume wengine wa hapa walikuwa na rumba, wakavaa viatu, wakacheza na wake zao vizuri. Wewe ulikuwa na gitaa zinazolia kama mabati chini ya mvua ya mawe. Pile zikichoka ulizianika kwenye jua, juu ya mukeka wangu, katikati ya maharagwe.

"Papa Riziki, leo tunakula pile?"

"Nyamaza kwanza, mama. Bihogo anaanza."

Bihogo! Hukujua Kingereza, na mimi vile vile. Hao vijana walikuwa na majina yao, yameandikwa pale katikati ya diski, lakini wewe uliwapa majina kwa rangi ya ile karatasi, sawa muchungaji anavyotaja ng'ombe kwa ngozi. Karatasi ya rangi ya udongo mwekundu ikawa Bihogo. Nyeusi ikawa Mukara. Ile yenye madoa ulisema haifai asubuhi, itashtua ndama. Na ukawasifu kama ng'ombe, mbele ya wageni, mimi nikitafuta mahali pa kujificha: "Sikieni Bihogo anavyokanyaga!"

Tulipokimbia vita, fono na sanduku vilibaki. Mimi njo nilisema tubebe sufuria. Tulibeba sufuria, na watoto walikula, na sikuombi musamaha. Wewe ulitoka na Bihogo ndani ya kichwa. Tuliporudi, kila asubuhi chini ya ng'ombe ilikuwa wimbo ule ule.

Basi nikafikiri: Gaju anangoja Bihogo. Nikamupigia simu mujukuu wetu Neema, mutoto wa ule binti yetu aliyeolewa kule Mubi. Neema ana meza yake kule, kando ya barabara, anaingiza nyimbo kwenye karte za simu za wenye pikipiki na wachimbaji. Ananiita Koko, kama watoto wote wa sasa wanavyoita bibi zao.

"Koko, hiyo orkestra iliitwa nani?"

"Bihogo."

Akakata simu. Kisha akanipigia tena. "Koko, nimetafuta Bihogo kwa internet. Naona ng'ombe tu."

"Basi umetafuta vibaya. Shule yote ile, na huwezi kupata vijana wenye gitaa?"

"Imba kidogo basi, nisikie."

"Mimi? Kwa simu? Mbele ya watu wa Mubi?"

Nikamueleza tu. Gitaa chafu, kama imefungiwa ndani ya kopo. Muimbaji anakohoa kuliko anavyoimba. Katikati wote wananyamaza, unafikiri wamekufa, kisha ngoma inaanguka na wanakimbia tena. Neema akacheka. "Koko, zote za zamani ile ziko hivyo!"

Lakini alitafuta, siwezi kumunyima sifa. Akanitumia karte kwa dereva wa pikipiki mupaka Kashebere, na mwingine akaileta hapa, imefungwa ndani ya mufuko wa sashe ya chumvi. Nikaiingiza kwenye radio yangu ndogo, ile inakula karte. Niliketi mchana kutwa nikimenya mihogo na kusikiliza. Si huyu. Si huyu pia. Huyu ana sauti nzuri, kwa hiyo si wako. Nikarudisha karte, akaijaza tena. Jirani akauliza kama tumefungua bar ndani ya kilio.

Na kila akinipigia, Neema alinieleza mambo ambayo wewe hukuwahi kuyajua. Kwamba zamani ile kule Amerika, na Ulaya vilevile, vijana wa namna hiyo walikuwa wengi kama majani, watoto wa shule, na orkestra kubwa zilichukua sifa zote. Hawa wadogo walipiga diski moja ao mbili, dunia haikugeuka, wakarudi kutafuta kazi. Wengine walifuata wazee weusi wa kule, walioimba taabu zao na gitaa moja, muziki inaitwa bluzi. Na wengi walijifunzia ndani ya nyumba ya gari ya baba yao, njo maana wanaitwa vijana wa gereji.

"Yaani walipigia pale gari inalala?"

"Ndiyo, Koko."

"Basi babu yako alikuwa wao. Yeye alipigia pale ng'ombe wanalala."

Nimefikiri sana juu ya wale watoto, Papa Riziki. Mihogo ilikuwa mingi, nilikuwa na nafasi. Kila mumoja alikuwa na mama mulangoni, mikono kiunoni, anapiga kelele: punguzeni, tunalala humu! Wale mama walisema kweli, ilikuwa makelele. Kisha gereji ikanyamaza, na mutoto akaenda zake kazini, na mama akabaki na mahali pa gari. Sijui kama walifurahi na ule ukimya. Mimi nilifikiri nitaufurahia wangu.

Alhamisi, Bihogo akafika. Nilimutambua gitaa ilipoanza tu, nikaangusha kisu. Neema aliniambia jina lao la kweli, na sikulishika. Kwangu ni Bihogo.

Ijumaa asubuhi nikapeleka radio zizini, nikaitundika kwenye muti wa uzio, nikafungua sauti yote. Riziki akaja kuangalia, na majirani, na watoto wao. Gaju akageuza sikio moja. Nikaweka kopo. Akanipiga teke, kopo likaenda mupaka kwa jirani.

"Mama," Riziki akasema, na huruma ndani ya sauti, na hiyo huruma njo ilinikasirisha. "Tulijaribu. Acha tu."

Nikawafukuza wote. Nikaketi juu ya ndoo na hasira, na Bihogo anaendelea kukohoa kule juu, na nikajiona mujinga kabisa. Gaju alizaliwa tulipokwisha kurudi kutoka kukimbia. Fono hakuiona hata siku moja. Bihogo hamujui, na Amerika haimuhusu. Yeye alikusikia wewe.

Kwa hiyo niliimba. Ndiyo, mimi. Niliimba yale maneno yako uliyotia mahali pa Kingereza usichokijua, yale niliyoyachukia miaka yote: "Shuka, mama, shuka, kikombe kinakungoja." Sauti yangu ilikuwa mbaya. Gaju hakugeuka. Nikaimba tena, mbaya zaidi, nikikohoa pale ulikuwa unakohoa. Akashusha kichwa. Akapumua ile pumzi ndefu. Nikashika chuchu, na maziwa yakaja, kidogo kwanza, kisha yakapiga chini ya kopo kwa nguvu.

Riziki akatokea nyuma ya uzio. Hakuwa ameenda mbali, mushenzi yule.

"Mama, kumbe unaimba?"

"Funga mudomo. Leta bidon, kopo linajaa."

Mubushe alikuja Jumamosi, kamba begani. Nilimukaribisha, nikamupa kikombe cha maziwa ya moto. Akakunywa, akaangalia Gaju, akaniangalia mimi, akarudi Sake na kamba yake.

Sasa sikia kile ninataka. Usinicheke huko uliko. Bado nasema ni makelele, na siku tukionana nitakuambia hivyo usoni. Lakini kuna maneno ya mwisho ya ule wimbo, yale uliyasema polepole ukimaliza kukamua, na mimi nilikuwa mbali, jikoni, sikuyasikia vizuri. Gaju anayangoja kila asubuhi, anasimama na bidon imejaa, hataki kuondoka. Nimejaribu maneno yangu, anayakataa. Kama kuna namna ya kuniletea yale yako, yalete. Kama hakuna, nitaendelea kumudanganya, na yeye ataendelea kunisubirisha pale, mugongo unaniuma, mimi na yeye tukiangalia njia ya chini.

Lala, muzee. Maziwa yapo.

Muke wako,
Mama Riziki