Calvin, Kivuko Kilikuwa Kinaelekea Ukara

Hukuwa na shamba. Hukuwa na pikipiki, wala suti zaidi ya ile moja uliyofungia ndoa. Hukuwa na nyumba. Ulipanga chumba na sebule kisiwani Ukara, katikati ya Ziwa Viktoria. Hukuwa na sauti ya kuimba, ingawa kwaya ya usharika ilikuvumilia miaka minne. Na hukuwa na baraka ya baba yako. Leo, tarehe 20 Septemba 2019, mwaka umetimia tangu ututoke, na katika yote uliyoyakosa ni hilo la mwisho linalotuchoma.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu. Ulisahihisha kwa kalamu ya kijani, ukisema nyekundu huwatisha watoto. Ulipokuja likizo hapa Marangu ulipita kwanza kwa Bibi Ndelilio, jirani yetu asiyeona vizuri, ukamsomea barua zake, hata zile alizokwisha kusomewa. Mtori uliula umesimama jikoni. Mama yako alikugombeza kila mara, na kila mara alikuongezea.

Kisha ukamwoa Mektrida huko huko Ukara, kwa padri, bila baba yako kuwapo. Sisi ni Walutheri tangu babu. Baba yako elimu yake aliipata kwenye darasa la jioni, kwa taa ya chemli, baada ya kutwa nzima ya kupalilia kahawa za watu, naye hapendi kuarifiwa jambo likiwa limeshaisha. Miaka miwili hakukupigia simu.

Mtoto wako alipozaliwa, ulimwomba mama yako akukatie jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, ampe baba kwa niaba yako. Kila Mchagga anajua: ukiletewa isale, unasamehe. Mama akaliweka mezani.

"Baba Calvin, hili ni la mwanao. Ameniagiza kwa simu."

"Isale haiji kwa simu. Aje alishike mwenyewe."

"Ana kichanga ndani."

"Kwa padri mbona alipata nafasi ya kwenda?"

"Ulisoma jioni miaka sita," mama yako akamwambia. "Jani la mchana kweupe linakushinda."

Ulipopewa jibu la baba yako ulicheka. Ulisema, "Mzee ana haki, mama. Naondoka Alhamisi asubuhi, Ijumaa jioni niko hapo."

Alhamisi hiyo ilianza kama siku nyingine. Baba yako alimenya kahawa. Mama alipiga deki chumba chako, akakatazwa kuchinja kuku kabla mgeni hajafika. Lakini mchana tulimwona baba akinyoosha shati lake jeupe, mlango ameurudishia. Jioni jirani yetu Rogath akaingia bila hodi.

"Ezra, washa redio. Kivuko kimezama huko kwa mwanao."

"Calvin hayuko kisiwani, ameondoka asubuhi," baba akajibu. "Kilikuwa kinatoka au kinakwenda?"

"Kinakwenda Ukara. Kilibakiza kidogo tu kufika."

"Basi si yeye."

Akarudi kwenye kahawa yake. Simu yako haikupatikana. Kesho yake nchi nzima ilikuwa kilioni, na waliopita nyumbani baba yako aliwaambia, "Poleni na msiba wa taifa," kama mtu asiye na msiba wake mwenyewe. Akavaa shati jeupe, akateremka stendi ya Moshi kungoja basi la Mwanza. Alingoja mpaka abiria wa mwisho akashuka. Jumamosi baba yako mdogo Elifuraha, aliyekuwa Mwanza, alikutambua kati ya miili iliyoopolewa.

Tulikuzika kihambani. Mkeo hakuweza kusafiri na kichanga. Na mpaka leo hatuelewi. Ulikuwa umeanza safari, ukarudi? Ulisahau nini? Au ulifika ng'ambo ukaona baba wa namna hii hafai kufuatwa? Baba yako amechora ziwa kwenye daftari, akaandika saa za kivuko na za mabasi, akajumlisha, na hesabu haitoki.

Unakumbukwa na mama yako Gladness, dada yako Violet, baba yako mdogo Elifuraha, Bibi Ndelilio, na baba yako Ezra. Nyumba hii haitaacha kukutaja.

Jana baba yako alimwandikia Mektrida. Barua ya kwanza ilikuwa na swali moja tu: alikuwa anarudia nini? Aliisoma, akaichana. Ya pili haiulizi. Inasema babu hajamwona mjukuu wake, na inaomba, iwapo atakubaliwa, aende Ukara yeye mwenyewe kabla ya mvua za vuli.

Aliipeleka posta mjini Moshi. Dada wa dirishani akamwamkia, "Shikamoo, mzee. Ukara mbali hivyo, una nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nina mkwe."

Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika, akaisukuma dirishani.